Sekunde Kumi na Moja

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera,
kwa hiyo hamnijui. Yeye mnamjua:
Marlys Tuominen, taarifa ya saa kumi na mbili jioni,
koti la buluu, sauti kavu kama mkate wa juzi.
Miaka ishirini na tisa nimemtazama kwa jicho moja.
La pili nilikuwa nalifumba.

Duluth ni mji uliokaa mtelemkoni
kama mtu anayeogopa kuingia ziwani.
Januari, betri hufa upesi kuliko hoja za madiwani;
nilizitia kwapani, nikaziatamia,
naye kwenye ngazi za ukumbi wa jiji
akirudia jina la kamati lenye maneno tisa,
kope zimeganda,
midomo imegoma kutamka "marekebisho".

Siasa zake hazikuwa za ikulu.
Zilikuwa za chumvi ya barabarani:
nani kaiuza, kwa bei gani,
na shemeji yake ni nani.
Kila miaka minne walikuja wagombea wakubwa,
na waandishi wa mbali, viatu vyao havijui barafu,
wakiuliza nani atashinda.
Marlys aliuliza polisi wa ziada
wa mkutano huu watalipwa na nani.
Hakuna aliyejibu. Aliuliza tena
baada ya miaka minne.

Kisha Orrin Skoglund. Diwani, mpiga kinanda wa kanisa,
mtu aliyejua majina ya mbwa wetu.
Alisema ile karatasi hakuitia sahihi.
Marlys hakubisha.
Aliikunjua, akaielekeza kwenye lenzi yangu,
akanyamaza.

Mbili: diwani akatabasamu.
Nne: akalamba midomo.
Saba: akamtazama wakili wake,
wakili akatazama viatu.
Tisa: chumba cha pili mashine ya kahawa ikakohoa.
Kumi na moja:
"Ah, hiyo," akasema, "nilidhani ni ya bima."

Walimpa Marlys tuzo ya kioo.
Aliifanya kigingi cha mlango wa gereji.

Hili halikurushwa hewani:
masika yaliyofuata, dukani, upande wa maziwa,
mke wa Skoglund alisimamisha kigari mbele yake,
akamtazama, naye akanyamaza.
Marlys alirudi garini bila maziwa.
"Hakuwa anahesabu," aliniambia. "Mimi nilihesabu.
Zilipita kumi na moja."
Nilikuwa nimeshika ufunguo. Sikuwasha gari.

Kituo kikanunuliwa na kampuni
ya mji usiojua theluji.
Meneja mpya alisema "nguvu mpya" mara tatu
kabla kahawa haijapoa.
Wakaleta keki, jina wamelikosea herufi,
wakampa sekunde tisini za kuaga.

Walitegemea machozi; mpiga picha wa pili aliambiwa asogee karibu.
Marlys akavaa miwani, akasoma ajenda ya Jumatatu.
Kipengele cha kwanza, kumbukumbu za kikao.
Cha nne, leseni ya baa.
Cha saba, mabomba ya risasi, mitaa ya magharibi,
nyumba mia mbili na kumi na nne,
"wameahirisha mara tano."
Akatazama saa. "Ukumbi unafunguliwa saa kumi na moja.
Kuegesha ni bure, ila jihadharini na ngazi."
Ndiyo kwaheri yake.

Jumatatu nilikwenda na kijana mpya, Brecken,
meno mazuri, glavu nyembamba.
Mwenyekiti akasoma cha sita,
akafunua ukurasa, akaanza cha nane,
akainua macho.

Safu ya tatu kulikuwa na mwanamke mwenye penseli,
koti la buluu, hana kipaza sauti.
Hakusema kitu.

Mwenyekiti akakohoa, akarudisha ukurasa.

"Unampiga nani kule?" Brecken akaninong'oneza.
"Meza kuu iko huku."
Nikarekebisha lenzi,
nikalifumba lile jicho la pili.